TV Bapa: Tazama Nyuma ya Picha Kabla ya Kutoa Pesa

Siku hizi ukiingia katika nyumba nyingi za kwetu, hata zile ndogo za mabati, utakuta ya kwamba ile televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa imepelekwa stoo, au imegeuzwa kuwa meza ya kuwekea chupa ya chai. Mahali pake pamewekwa TV bapa, nyembamba kama ubao wa kukatia sukuma. Walio na umri kidogo watakumbuka miaka ya 1990, wakati nyumba iliyokuwa na Greatwall ya nyeusi na nyeupe ilikuwa nyumba ya kijiji kizima. Betri ya gari ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa, na jioni watoto wa majirani walijaa hadi mlangoni. Leo mambo ni mengine. Kijana anamaliza kibarua cha miezi michache, anarudi nyumbani na TV ya rangi chini ya kwapa.

Katika mikutano ya vikundi tunaulizwa maswali yale yale. Tununue ya inchi ngapi? Ya mtumba ni nzuri? Hii ya kulipa polepole kwa simu ina hasara gani? Kwa nini ya jirani ilizima ghafula hali haijamaliza mwaka? Hatutataja kampuni ya kununua, kwa maana kampuni ile ile moja yaweza kutengeneza TV imara na nyingine dhaifu, na zote mbili zikauzwa duka moja. Tutaeleza jinsi inavyofanya kazi, na msomaji ataweza kupima mwenyewe. Ila tuseme hivi tangu mwanzo: dukani utaonyeshwa picha, na karibu kila TV bapa ina picha ya kupendeza ikiwa mpya. Yanayokuja kuumiza familia baadaye ni mambo mengine, yaani taa za ndani, stima, na mkopo.

Ndani yake mna nini?

TV ya zamani ilikuwa chupa kubwa ya kioo kizito iliyotolewa hewa yote. Nyuma kabisa, pale shingoni, palikuwa na kitu mfano wa bunduki kilichorusha chembe za umeme hadi mbele, na pale zilipogonga kioo pakawaka. Mgongo ulikuwa mrefu kwa sababu chembe hizo zilihitaji nafasi ya kupinda ili zifike pembe zote nne.

TV bapa nyingi zinazouzwa kwetu hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Nyuma kuna safu za taa ndogo ndogo za LED. Mbele ya taa hizo kuna kioo chembamba chenye majimaji ya namna ya pekee: yanatiririka kama maji, lakini chembe zake hujipanga kwa utaratibu kama za chumvi au sukari. Tabia hii ilionekana mara ya kwanza mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria aliyeitwa Friedrich Reinitzer, alipokuwa akichunguza kitu kilichotokana na karoti. Yeye hakuwa na habari ya sinema wala televisheni. Ukipitisha umeme kidogo, chembe hizo hugeuka, zikazuia mwanga au zikaupitisha, kama mtu anayefungua na kufunga pazia. Kioo chote kimegawanywa katika vidirisha vidogo mno, vingine vyekundu, vingine kijani, vingine buluu, na kila kimoja kina pazia lake.

Kwa hivyo kioo chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Mwanga wote unatoka kwa zile taa za nyuma. Shika jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu uzuri wote na ubaya wote wa TV hizi.

Ukiona stika imeandikwa LED, ujue ni TV hii hii tunayoieleza. Zile za kwanza zilitumia taa za mrija badala ya LED, basi. Kulikuwa pia na TV za plasma, zilizokuwa nzito na zilizokula stima nyingi. Kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014, kwa hivyo ukiuziwa plasma leo jua ni kuukuu na vipuri vyake ni shida. Kuna nyingine ziitwazo OLED, ambazo kila nukta huwaka yenyewe bila taa za nyuma. Picha yake ni bora sana, na bei yake pia si ya mchezo. Tutaziacha.

Uzuri wake

Uzuri wa kwanza ni stima. TV ya zamani ya inchi 21 ilikuwa ikitumia kama wati 75. TV bapa ya inchi 32, ambayo kioo chake ni kikubwa zaidi, mara nyingi hutumia kama wati 40. Tufanye hesabu. Ukiiwasha saa 5 kila siku, ile ya zamani itakula yuniti 11 na kidogo kwa mwezi, na hii mpya itakula yuniti 6. Wale wanaonunua tokeni za shilingi hamsini hamsini wanajua maana ya tofauti hiyo.

Kwa watu wa sola ni habari njema zaidi. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea 100 haifai kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo ni kama wati 600 za saa moja. TV ya wati 40 itakwenda kwa hizo saa 12 na zaidi, ukitoa kile kidogo kinacholiwa na inveta. Tena kuna TV bapa ndogo, za inchi 19 hadi 24, zinazochukua volti 12 moja kwa moja bila inveta, na nyingi zao hazifiki hata wati 25. Kwetu sisi hizi ndizo TV zilizo na maana kubwa kwa kijiji kisicho na stima, ingawa dukani huwekwa nyuma kabisa, chini, mahali ambapo mteja haangalii.

Uzuri wa pili ni uzito. Ile ya zamani ilifika kilo 20 na zaidi, ikahitaji wanaume wawili na meza ya mbao ngumu. Bapa ya inchi 32 ina kilo 4 hadi 6. Mama anaweza kuisogeza apanguse vumbi bila kuita mtu. Pia haichoshi macho kwa kutetemeka kama zile za zamani, na maandishi madogo yanasomeka vizuri. Kwa kikundi kinachoonyesha filamu za kilimo au za afya hilo si jambo dogo.

Ubaya wake

Sasa tuje upande wa pili, na hapa tutakaa kidogo.

Kwa kuwa taa za nyuma zinawaka wakati wote, rangi nyeusi haiwi nyeusi kamili. Ukizima taa za nyumba utaona usiku wa kwenye filamu umekuwa kama majivu. Hilo linavumilika. Lisilovumilika kwa urahisi ni kutazama kutoka pembeni. TV nyingi za bei ya chini zina picha nzuri kwa yule aliyekaa mbele tu; aliye pembeni, au aliyeketi chini kwenye mkeka, anaona nyuso za watu zimepauka. Katika nyumba ambapo baba ana kiti chake na watoto wanane wamejipanga kando ya ukuta, watoto ndio wanaopata picha mbaya.

Sauti nayo imekuwa duni. Spika inahitaji sanduku la kupumulia, na TV nyembamba haina nafasi hiyo. Spika zimekuwa ndogo kama za redio ya mfukoni, na zimeelekezwa chini au nyuma. Mvua ikinyesha juu ya mabati husikii kitu. Wengi huishia kununua spika za kando, na gharama hiyo haikuwa katika hesabu ya kwanza.

Kisha kuna wembamba wa kioo. Ile ya zamani ungeweza kuigonga kwa kiko cha mkono na usione alama. Hii, mtoto akirusha rimoti tu, kwisha. Na kioo kikipasuka hakuna ufundi: bei ya kioo kipya hukaribia bei ya TV nzima, kwa hivyo fundi mwaminifu atakuambia ukanunue nyingine.

Ugonjwa wa kawaida kuliko wote ni taa za nyuma kuungua. Taa hizo zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Moja ikifa, yaweza kuzima mstari wake wote, na mara nyingi TV yenyewe huamua kuzima taa zote. Hapo ndipo unasikia mtangazaji akisoma habari na kioo ni giza. Watu wengi huona hivyo wakadhani TV imekufa kabisa, wakamwuzia fundi kwa bei ya kutupa. Kumbe kuna njia rahisi ya kupima. Iwashe, zima taa ya nyumba, kisha mulika kioo kwa tochi kutoka karibu. Ukiona kivuli cha watu wakitembea, kioo ni kizima na ni taa tu zilizoungua. Taa hizo hubadilishwa, na gharama yake ni ndogo sana kuliko ya kioo.

Kwa nini zinaungua mapema? Sababu moja ni joto, na sababu ya joto mara nyingi ni sisi wenyewe. Dukani TV huwekwa mwanga wa juu kabisa ili ishinde taa za duka na kuvuta macho ya mteja. Inafika nyumbani ikiwa hivyo hivyo, na inawaka hivyo hivyo miaka yote. Chukua rimoti, ingia mahali pa kurekebisha picha, tafuta mwanga wa nyuma, uupunguze hadi nusu au zaidi kidogo. Macho yatazoea kwa siku mbili. Taa zitaishi zaidi na stima itapungua. Haya ni marekebisho ya dakika moja, bure kabisa, nasi tunashangaa jinsi wauzaji wasivyoyataja.

Kilichotokea katika kikundi kimoja

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu kiliamua kununuliana TV kwa zamu. Kila mwezi walichanga, na mmoja akapelekewa inchi 32 nyumbani. Zote zilikuwa za aina moja kutoka duka moja la mjini, kwa sababu mwenye duka aliwapunguzia bei. Kufikia mwezi wa saba TV tatu zilikuwa zimekufa. Wale waliokuwa na TV mbovu walianza kulegea kuchanga, wakisema hawawezi kulipia kitu kisichoonekana. Wale ambao zamu yao haikuwa imefika nao wakaona pesa zao zinapotea. Maneno yakawa makali. Mama mkubwa wa kikundi, aliyekuwa mweka hazina, alilala na daftari chini ya mto.

Fundi alipoletwa, alikuta kila moja ina hadithi yake. Ya kwanza iliungua taa za nyuma, na mwanga wake ulikuwa umewekwa juu kabisa tangu siku ya kufunguliwa. Hiyo ilitengenezwa. Ya pili ilipigwa na stima: ilipotea jioni, ikarudi kwa nguvu, na ubao wa kugawa umeme ndani ya TV ukaungua. Nayo ilitengenezwa, kwa pesa zaidi. Ya tatu ilikuwa imebebwa na bodaboda, imelazwa bapa juu ya tangi na gunia la unga likawekwa juu yake. Ilifika ikiwa na ufa usioonekana, kisha ufa ukaenea. Hiyo haikuponyeka. Waranti haikusaidia hata moja, kwa sababu risiti zilikuwa zimeandikwa jina la mwenye gari la mizigo.

Kikundi hakikuvunjika, lakini kilibadilisha utaratibu. Sasa risiti huandikwa jina la mama mwenyewe na namba ya TV iliyo nyuma yake, TV hujaribiwa dukani kwa nusu saa, husafirishwa ikiwa imesimama wima ndani ya katoni yake, na bei ya kifaa cha kuzuia stima kali huhesabiwa katika mchango tangu mwanzo. Ile moja iliyopasuka waliilipa wote kwa pamoja kwa miezi minne. Kulikuwa na ubishi juu ya hilo, na hatudhani ubishi huo umekwisha.

Stima inayopotea na kurudi

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240. Unapopotea na kurudi, kwa muda mfupi waweza kupanda sana kuliko hapo. TV ya zamani ilikuwa na vyuma vizito vilivyovumilia. Bapa ina vibao vyembamba. Kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na TV hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, kisha hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Watu hukasirika na kungoja huko, ilhali ndiyo kazi yake. Usidanganywe ya kwamba waya wa soketi nyingi ni kinga. Mwingi wao ni wa kugawa tu. Na mvua ya radi ikija, chomoa plagi, na uchomoe waya wa antena pia, kwa maana radi hupitia huko vile vile.

Dukani

Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo. Inchi 32 ni sentimita 81, na hiyo haihesabu fremu. Chukua futi ya fundi cherehani uipime mwenyewe. Kwa chumba kimoja inchi 24 zatosha. Kwa sebule ambayo viti viko mita 2 au 3 kutoka ukutani, 32 ni sawa kabisa. Muuzaji atakuvuta kwenye 43 na 50 akikuambia habari za 4K. Maana ya 4K ni nukta zaidi ya milioni 8 kwenye kioo, badala ya milioni 2 za ile inayoitwa Full HD au milioni moja hivi ya HD ya kawaida. Ni kweli. Lakini kwenye kioo cha inchi 32 kilicho mita 3 mbele yako jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, na matangazo ya antena hapa Kenya hayaletwi kwa kiwango cha 4K. Utakuwa umelipia nukta zisizo na kazi. Wengine hubandika stika tu.

Uliza iwashwe, na usitazame ile filamu ya maua na samaki wanayoonyesha kila siku. Omba waweke matangazo ya kawaida, hasa mpira, uone kama mpira unaacha mkia ukipigwa. Simama pembeni, kisha uchutame. Sikiliza mtu akizungumza, si muziki. Kama una flashi, weka picha moja nyeupe tupu uone kama kuna madoa ya giza, na nyingine nyeusi tupu uone kama pembe zinavuja mwanga. Muuzaji akikataa haya yote, hakuna haja ya kugombana naye. Maduka ni mengi.

Kisha tazama nyuma yake. Tafuta maandishi DVB-T2. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, na Februari 2015 mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa. Wengi wetu tunakumbuka jinsi NTV, KTN na Citizen zilivyopotea hewani karibu wiki tatu wakati wa mvutano ule. Tangu hapo antena peke yake haitoshi. TV yenye T2 ndani yake hushika stesheni za bure bila dekoda, ukiwa na antena nzuri ya nje. Isiyo nayo itahitaji dekoda, rimoti ya pili, na plagi ya pili.

Hapa ndipo TV za mtumba kutoka ng'ambo huwanasa watu. Iliyotoka Uingereza ikiwa na alama ya Freeview tu, kwa kawaida haina T2. Yenye alama ya Freeview HD ndiyo inayo. Iliyotoka Marekani au Japani ni ya mfumo mwingine wa matangazo kabisa, na huko stima ya nyumbani ni volti 120 na 100. Kama nyuma hakuandikwi 100-240V, usiichomeke kwenye soketi ya Kenya hata kwa kujaribu. Tena kumbuka ya kwamba taa za mtumba zimekwisha kutumika miaka kadhaa. Hatusemi usinunue; tumeona za mtumba zilizodumu kuliko mpya za bei rahisi. Tunasema ipimwe ikiwa imewaka saa nzima, si dakika tano.

Kuhusu zile za intaneti, ambazo vijana huziita smati, ni nzuri kwa mwenye intaneti ya mwezi. Kwa anayenunua bando ndogo ndogo, saa moja ya filamu yenye picha safi yaweza kumaliza gigabaiti 3. Na programu zake huzeeka kabla ya kioo. Baada ya miaka kadhaa baadhi hukataa kufunguka, na wewe unabaki na TV ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu.

Kulipa polepole

Hapa tunaomba msomaji achukue kalamu. Tuseme TV na sola yake inauzwa shilingi 15,000 taslimu. Muuzaji wa mkopo anasema lipa 3,000 leo, kisha 70 kila siku kwa mwaka mmoja. Sabini ni bei ya nini? Kitu kidogo tu, unajiambia. Lakini 70 mara siku 365 ni 25,550. Ongeza 3,000, umelipa 28,550. Tofauti ya 13,550 ndiyo bei ya kukopa, nayo ingetosha karibu kununua TV nyingine. Bei hizi ni za mfano. Weka zile ulizoambiwa wewe na ufanye hesabu ile ile.

Hatuwatukani wanaouza kwa njia hii. Kuna nyumba ambazo zisingepata mwanga wa sola bila mpango kama huo, na mtoto anayesoma bila moshi wa koroboi ni faida ya kweli. Lakini taa na TV ni vitu viwili, na mara nyingi huuzwa kwa furushi moja. Uliza bei ya taa peke yake. Uliza pia nini hutokea ukikosa kulipa wiki mbili wakati wa karo, kwa sababu nyingi za TV hizi hufungwa kutoka mbali, na wakati mwingine taa nazo huzima pamoja nayo. Uliza kama siku zilizofungwa huongezwa mbele au huhesabiwa deni. Na uliza nani atalipia matengenezo ikiwa taa za nyuma zitaungua mwezi wa nane wakati malipo bado yanaendelea. Jibu la swali hilo la mwisho lipate kwa maandishi.

Kikundi kinachochanga 1,500 kwa mwezi kwa watu kumi hununua TV ya 15,000 kila mwezi kwa bei ya taslimu. Ndiyo, wa mwisho atangoja miezi kumi. Hata hivyo atalipa karibu nusu ya yule wa mkopo.

Nyumbani

TV hizi ni nyepesi na miguu yake ni myembamba, kwa hivyo huanguka upesi. Mtoto wa miaka miwili akivuta kitambaa cha meza, inamwangukia usoni, na ya inchi 43 ikianguka kutoka juu ya kabati yaweza kumwua. Nyuma ya TV nyingi kuna matundu manne ya skrubu. Yametengenezwa ili itundikwe, au angalau ifungwe kwa waya imara kwenye ukuta. Kwa ukuta wa udongo skrubu haitashika. Pigilia ubao mpana kwenye nguzo mbili za nyumba, kisha uitundike kwenye ubao. Usiipandishe hadi karibu na mabati. Huko juu mchana ni joto kali, shingo itauma, na picha itapauka kwa walioketi chini. Kimo cha macho ya mtu aliyekaa ndicho kizuri.

Acha nafasi ya kiganja nyuma yake ili ipumue. Matundu ya hewa yasizibwe kwa vitambaa vya kufuma, hata kama mama mkwe ndiye aliyevifuma. Mijusi hupenda joto la ndani, na mjusi mmoja akigusa ubao wa umeme hufa na TV. Kwa vumbi tumia kitambaa laini kikavu. Usinyunyizie maji wala sabuni juu ya kioo, kwa sababu matone huteremka hadi ukingo wa chini, na hapo ndipo kuna nyaya nyembamba kama karatasi zinazoleta picha. Zikilowa, utaona mistari ya kusimama ambayo haitatoka tena.

Imebaki ile ya zamani iliyo stoo. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Chupa haina hewa ndani, kwa hivyo ikivunjwa kwa jiwe vipande huruka. Vijana wa vyuma chakavu huja wakiomba shaba iliyo shingoni, wakaing'oa na kuacha kioo kimetapakaa uani, mahali kuku hudonoa na watoto hucheza. Usikubali wachukue shaba peke yake. Waambie waibebe nzima, au mpelekee fundi anayehitaji vipuri, ikiwa haijafunguliwa.